Barua ya wazi kwa wakuu wa HGTV: tuonyesheni na mwenye nyumba anayekataa

Kwenu wakuu wa HGTV, kituo cha televisheni cha Marekani, na watayarishaji wa kipindi chake cha House Hunters International,

Yah: Familia zinazohama na nyumba zinazojifanya kuzichagua

Salamu kutoka Tabata, Dar es Salaam. Barua ya Kiswahili huenda si kitu mnachopokea kila asubuhi, lakini kipindi chenu kinaingia sebuleni kwangu kupitia kisimbuzi cha DStv bila kuniuliza nazungumza lugha gani, na lugha ninayotumia kubishana nacho ni hii. Mtafuteni mkalimani. Huko kwenu hawakosekani, na nikifika mbele nitawaambia wako wapi.

Siandiki kama adui. House Hunters mliianza mwaka 1999 na hii ya kimataifa mwaka 2006. Wapo watu waliozaliwa, wakakua na kuoa huku ninyi bado mnaonyesha nyumba tatu. Hapa kwangu tunakitazama mimi, mdogo wangu na mama mkwe. Kiingereza cha mama ni cha kuombea maji, lakini hajawahi kupotea njiani hata siku moja, maana safari yenyewe haina kona. Familia inahamia nchi ya watu. Dalali anawatembeza nyumba tatu: moja kubwa lakini iko mbali na mji, moja ipo katikati lakini imebana, ya tatu nzuri lakini imezidi bajeti. Mume anataka mjini, mke anataka bustani. Wanakaa mgahawani, wanaifuta moja, linapita tangazo la biashara, wanachagua. Kamera inarudi baada ya miezi kadhaa na kukuta picha zimeshatundikwa ukutani, watoto wanacheka, na hakuna anayejuta.

Maoni yetu kama watazamaji hutolewa kwa kelele. Mama hawezi kuvumilia mtu anayekataa nyumba kwa sababu ya rangi ya ukuta. "Ndoo mbili za rangi na fundi wa kutwa, nyumba imekwisha!" Halafu ana swali ambalo amelirudia mpaka nasi tumeanza kuliuliza: mbona hakuna anayefungua bomba? Wanaingia bafuni, wanasifia vigae, wanapima kabati kwa mikono, wanatoka. Hakuna aliyewahi kufungulia maji akaona kama yanatoka, na yanatoka kwa kasi gani. Mtu aliyepanga nyumba Dar es Salaam hawezi kumwelewa mtu wa namna hiyo.

Mdogo wangu ni mhasibu na kinachomkera ni hesabu. Mtu anatajiwa kodi ya mwezi, basi, imetosha. Mwajiri anachangia kiasi gani? Shule ya watoto analipa nani? Mizigo imesafirishwa kwa pesa za nani? Kuna familia inayohamishwa na kampuni na kulipiwa karibu kila kitu, na kuna familia iliyouza gari ili ihame, lakini kwenye kioo zote mbili zinakaa mgahawa uleule na kulalamikia ukubwa wa jiko kwa sauti ileile. Anasema ukificha nani analipa, hujaonyesha bajeti.

Mimi nawaangalia watoto. Wanaingia kwenye picha wakati wa kugombea chumba, wanarukaruka kitandani, wanatolewa. Sijaona mtoto akiulizwa kama alitaka kuhama. Mtoto wa miaka tisa aliyeachana na shule, bibi, na lugha anayoijua, kazi yake kwenye kipindi ni kusema kwamba bwawa la kuogelea ni zuri.

Hayo tungeweza kuyamaliza kwa soga, rimoti ikiwa mkononi. Lililonishikisha kalamu ni jingine.

Mwaka 2012 mama mmoja wa Texas aliyewahi kushiriki House Hunters alieleza hadharani jinsi mambo yalivyokwenda. Mlimkubali kwenye kipindi pale tu familia yake ilipokwisha kukamilisha ununuzi wa nyumba yao. Nyumba nyingine alizoonekana akizikagua na kuzikosoa hazikuwa hata sokoni; zilikuwa za marafiki zake. Hamkukanusha. Mlijibu kwamba kwa ajili ya muda wa kurekodi mnatafuta familia zilizokwisha kufika mbali kwenye ununuzi. Watu wakacheka, wakaendelea kutazama. Wazoefu walishajua hila yake: mdogo wangu huwa anaitaja nyumba itakayochaguliwa kwa kuangalia tu ipi haina vitu vya mtu ndani.

Kuigiza si ugomvi wangu na ninyi. Sisi ni watu wa tamthilia, tunalia na mtu ambaye tunajua amekufa kwenye sehemu ya 40 tu na mshahara wake ameshapokea. Ila mlipopata nafasi ya kuigiza chochote mtakacho, mkachagua kuigiza familia imekaa kama jaji na nyumba tatu zimepangwa mbele yake zikisubiri hukumu. Aliyewahi kuhama anajua kiti kile ni cha nani. Ni cha mwenye nyumba.

Njooni hapa Tabata mtafute vyumba viwili na sebule. Dalali anakwambia ni "hapo tu", mnapanda bodaboda kwa hela yako, na hapo tu inageuka Kinyerezi. Anataka hela ya kukuonyesha kabla hujauona mlango, na ukifanikiwa kupata, kodi ya mwezi mzima ni yake. Kisha mwenye nyumba anatoka, anakaa kibarazani na kuanza usaili. Una watoto wangapi? Wakubwa au wadogo? Mume yuko wapi? Unafanya kazi wapi, na unarudi saa ngapi? Ukiwa mwanamke unayeishi peke yako, hilo jibu la mwisho linapimwa kuliko mshahara wako. Unatakiwa kodi ya miezi sita mkononi, wengine wanataka ya mwaka. Nawe huku unajibu kwa adabu, jicho liko kwenye mita ya umeme ya LUKU: hiyo ni yako peke yako, au mnachangia wapangaji wanne na mmoja wao anauza barafu? Mkipeleka kamera kwenye kibaraza kile hamtahitaji muziki wa kutia presha.

Wala si Dar peke yake. Dada yangu alihamia Ujerumani pamoja na mumewe na watoto wawili. Huko nyumba ya kupanga mara nyingi hutolewa bila jiko, na simaanishi kile cha kupikia tu. Hakuna kabati, hakuna sinki, hakuna meza ya kukatia kitunguu. Mpangaji aliyetoka amevingʼoa vyake na kuondoka navyo. Ukutani yamebaki mabomba mawili yaliyozibwa na soketi. Na ili ufike tu kuyaona mabomba hayo, unapeleka hati za mshahara za miezi mitatu na taarifa ya Schufa, kampuni inayotunza rekodi za madeni ya watu. Mgeni aliyeshuka kwenye ndege juzi rekodi hiyo ataitoa wapi? Dhamana inaruhusiwa kufika hadi kodi ya miezi mitatu. Kuna nyumba walikwenda kuiona wakakuta foleni imeshuka ngazi zote mpaka barabarani, kila mtu na bahasha yake, watu wamevaa kama wanakwenda kanisani. Baadhi ya wenye nyumba waliwaandikia kuwakatalia. Wengine hawakujibu kabisa. Waliyoipata mwishowe ilikuwa ya mfanyakazi mwenzake shemeji, aliyekuwa anahama na akawasemea kwa mwenye nyumba. Familia ile mngeiuliza inapendelea sakafu ya mbao au vigae?

Kila nchi ina kibaraza chake. Japani mpangaji bado anaweza kudaiwa reikin, pesa ya shukrani kwa mwenye nyumba isiyorudi hata ukikaa vizuri namna gani, na juu yake anahitaji kampuni ya kumdhamini. Kule England sheria inamtaka mwenye nyumba akague hati za uhamiaji za mpangaji kabla ya kumkabidhi nyumba. Dubai, ambako ndugu zetu wengi wa Zanzibar na Mombasa wamekwenda kutafuta maisha, kodi ya mwaka hulipwa kwa hundi zilizoandikwa tarehe za mbele: moja, mbili, nne. Kadiri hundi zinavyokuwa chache ndivyo mwenye nyumba anavyolegeza bei, na asiye na akaunti ya benki wala kitabu cha hundi hana la kuzungumza. Haya ndiyo tunayoulizana sisi kwa simu usiku, mtu akishapata viza. Hatuulizani kuhusu kaunta za mawe.

Hata upande wa kununua mnatuacha njiani. Mnapenda sana fukwe za Mexico, nami nazipenda kwa kuzitazama. Lakini katiba ya nchi ile hairuhusu mgeni kumiliki moja kwa moja ardhi iliyo ndani ya kilomita 50 kutoka pwani au 100 kutoka mpakani. Hununua kwa kupitia benki, inayoshika hati kwa niaba yake chini ya mkataba unaoitwa fideicomiso. Thailand mgeni anaweza kumiliki fleti, mradi wageni wote pamoja hawazidi asilimia 49 ya eneo la jengo, ardhi hapana. Kenya, katiba ya mwaka 2010 inampa mgeni upangaji wa ardhi usiozidi miaka 99, na kwetu Tanzania Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimpi mgeni ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Sentensi moja tu ya dalali ingetosha. Mtu anayetazama akiwa na akiba yake kichwani angejua mapema kwamba zile funguo anazoona zikikabidhiwa si kila mahali zina maana moja.

Kuna mtu mwingine ambaye kamera yenu inampita pembeni: aliyekuwa anakaa hapo zamani. Dalali wenu akisema mtaa "unachangamka", nami huwa najiuliza waliohama ili uchangamke wako wapi. Ureno ilianza kutoa viza za ukaazi kwa wawekezaji mwaka 2012, wageni wakanunua majumba Lisbon, na Oktoba 2023 njia ya kupata viza hiyo kwa kununua nyumba ikafungwa, wenyeji wakiwa wamelia na kodi kwa miaka. Barcelona, Julai 2024, waandamanaji waliwarushia watalii maji kwa bastola za kuchezea. Mexico City, Julai 2025, watu waliandamana katika mitaa ya Roma na Condesa wakilalamika kwamba wageni wenye dola wanawafukuza kwa bei. Familia zenu zinatembea kwenye mitaa ya namna hiyo. Hazina hatia, kila mtu anatafuta pa kulala. Ila jirani mmoja akipewa dakika moja aseme kodi ilikuwa kiasi gani alipohamia yeye, tungejifunza kuhusu mtaa ule kuliko kwa kuzungushwa sokoni tukionyeshwa matunda. Na hili si la kuwasema ninyi tu. Hapa kwetu Masaki na Oysterbay kodi zilikuwa zikitajwa kwa dola mchana kweupe, mpaka serikali ilipopiga marufuku mwaka 2025 kutoza bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Mwalimu wa Dar hakuhitaji kuambiwa nyumba zile hazikujengwa kwa ajili yake.

Sasa wale wakalimani. Nendeni Louisville kule Kentucky, nendeni Abilene ya Texas, nendeni Grand Rapids, Michigan. Mtakuta Kiswahili kanisani, kwenye duka la vyakula na kwenye zamu ya usiku ya kiwanda. Wengi ni familia za Wakongo waliokaa miaka na miaka kwenye makambi, Nyarugusu hapa Kigoma au Nakivale kule Uganda, hadi wakapata kupelekwa Marekani. Nao ni familia zinazohama. Lakini nyumba tatu kwao hakuna. Shirika la mapokezi lilitafuta nyumba moja kabla ndege haijatua, na baba wa familia aliijua siku aliyoingia ndani yake. Taratibu zilitaka akute vitanda, vyombo, na chakula kilichokwisha kupikwa kinachofanana na cha kwao. Msaada huo wa mapokezi ulihesabiwa kwa siku, 30 hadi 90, baada ya hapo kodi ni juu yake. Tiketi za ndege nazo zilikuwa mkopo, anaurudisha kidogo kidogo akishapata kazi. Mwaka 2025, mwezi Januari, mpango wenyewe wa Marekani wa kupokea wakimbizi ukasimamishwa, na waliokuwa wameshafunga mizigo wakabaki nayo.

Natamani kuona kipindi kimoja tu cha familia kama hiyo. Mama anaonyeshwa king'ora cha moshi juu ya dari na kuambiwa kazi yake, naye anawaza samaki atamkaanga vipi. Watoto wanagundua kwamba hapa mlango wa jirani haufunguliwi ovyo. Kisha, miaka kadhaa mbele, mfuateni yuleyule mama anapokwenda benki kuomba mkopo wa nyumba ya kwanza. Siku hiyo ndiyo atachagua kweli, na hapo mkimletea nyumba tatu nitakaa mkao wa kula. Nina hakika atafungua bomba.

Najua mtaniambia kipindi ni cha nusu saa, na humo matangazo yana fungu lake. Basi punguzeni kutuonyesha familia ikipanda baiskeli bila sababu. Dakika zile mzitumie kutueleza hawa watu walikubaliwaje: walitakiwa karatasi gani, walitoa kiasi gani siku ya kwanza, na ni nani aliwakataa kabla hamjafika na kamera zenu. Kama mwajiri analipa, semeni analipa. Mtoto muulizeni swali moja la kweli, na akijibu kwamba anataka kurudi kwa bibi yake, msikate. Na mkirudi kuwatembelea, msirudi baada ya miezi mitatu wakati rangi bado inanuka. Rudini baada ya miaka miwili. Wapo watakaokuwa wamehamia mtaa mwingine, wapo watakaokuwa wameachana, wapo watakaokuwa wamesharudi kwao na nyumba ile anakaa mtu mwingine. Hao waliorudi nao wana maneno, na huku kwetu tungewasikiliza kwa makini kuliko mnavyodhani, maana karibu kila ukoo una mtu wake aliyerudi na watu hawamuulizi kitu wakiogopa kumuaibisha.

La mwisho halihitaji hata pesa. Kipindi kikianza, wekeni maandishi chini ya kioo kwamba familia hii imeshapata nyumba yake na nyingine mbili ni za kulinganisha. Kama mnahofia watazamaji watahama chaneli, kumbukeni kwamba tangu mwaka 2012 tunajua, na bado tupo.

Naomba kuwasilisha.

Mtazamaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam